Grafu ya Kupapasa

"Ukichukua hii ukaihamishia huku, inabadilika alama. Halafu hii na hii zinaondoka, unabaki na hii hapa."

Ndivyo hesabu inavyofundishwa katika madarasa mengi ya kidato cha pili, na kwa mwenye macho hakuna kilichopungua: chaki inaonyesha, mdomo unasindikiza. Kwa msichana asiyeona aliyeketi dawati la mbele, mikono juu ya mashine yake ya nukta nundu, kilichofika ni "hii" nne, "huku" moja na "hapa" moja. Akinyoosha mkono na kuuliza, "Samahani mwalimu, hiyo hii ni ipi?", darasa linacheka, naye anajifunza kutouliza tena. Mwisho wa muhula anapata alama nane kati ya mia. Kikao cha walimu kinakubaliana kwamba hesabu ni mzigo kwa wasioona, na kwa nia njema kabisa anaondolewa kwenye somo. Kipindi cha hesabu kikifika, anakwenda kukaa maktaba.

Hakuna aliyemfukuza. Amesamehewa. Na katika mambo yote yanayofanywa na shule za sekondari kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, sijui jambo linalofanywa kwa upole kama huo msamaha, wala lenye gharama kubwa kiasi hicho kwa anayesamehewa.

Tanzania haikuanza jana kuwafundisha watoto hawa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifuata mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki, na mwaka 1966 Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, ikaanza kuwaweka wasioona pamoja na wenzao wanaoona. Lakini hizo zote ni habari za shule ya msingi. Sekondari ilikuja na namna yake: wanafunzi wengi wasioona walipelekwa katika shule za kawaida, Mpwapwa, Pugu na nyinginezo, wakapewa chumba cha kitengo, mwalimu mmoja au wawili wa elimu maalumu, na mtaala uleule wa wenzao. Wakifika darasani, wanafundishwa na mwalimu wa somo ambaye huenda hajawahi kushika karatasi ya nukta nundu. Mwalimu wa kitengo anajua nukta nundu, ila hajui logarithimu. Mwalimu wa hesabu anajua logarithimu, ila hajui nukta nundu. Mwanafunzi yupo katikati yao, na mara nyingi walimu hao wawili hukutana kwenye chai tu.

Baraza la Mitihani la Tanzania lina kanuni inayofaa kusomwa kwa makini. Mtahiniwa asiyeona huongezewa dakika 10 kwa kila saa ya mtihani, lakini katika Hisabati huongezewa dakika 20 kwa kila saa. Maana yake ni kwamba aliyeandika kanuni hiyo alimwona mtahiniwa asiyeona akifanya hesabu, tena alijua kwamba kazi yenyewe ni ndefu. Hata hivyo, kwa miaka mingi wasioona wengi wamemaliza kidato cha nne bila kulifanya somo hilo kabisa. Dakika zao zipo, wao hawapo chumbani.

Kwa haraka haraka hasara haionekani. Daraja la kidato cha nne hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kupata daraja la kwanza bila kugusa hesabu, na shule ikampigia makofi kwa haki. Hasara inakuja miezi michache baadaye, kwenye fomu ya kuchagua tahasusi. Fizikia imefungwa. Uchumi nao umefungwa, kompyuta, uhasibu na takwimu vilevile. Kinachobaki ni historia, Kiswahili na Kiingereza, kisha ualimu au sheria. Ni kazi za heshima. Lakini ukikuta kundi zima la watu, wenye vipaji tofauti kama watu wengine wote, limemiminika katika fani mbili, si busara kudhani kwamba wote wamezipenda.

Kwani ugumu wenyewe uko wapi? Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu wanaosema hesabu haiwezekani kwa nukta nundu mara nyingi hawajawahi kuitazama nukta nundu yenyewe.

Seli moja ina nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Mfumo huo aliubuni Louis Braille, kijana wa Kifaransa, mwaka 1824. Mashine ya Perkins, inayotumika zaidi katika shule zetu, ina vitufe sita vya nukta hizo na cha nafasi katikati. Toleo la kwanza lilitoka kiwandani Marekani mwaka 1951, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kwa insha, inatosha. Kwa hesabu, shida ni kwamba hesabu ya maandishi hutandazwa kwenye ukurasa. Sehemu ina juu na chini, kipeo kinapanda begani mwa namba, jedwali lina safu zinazosomwa kwenda chini. Mwenye macho huiona milinganyo miwili kwa mpigo mmoja na kugundua kwamba y zitafutana. Asiyeona huisoma seli baada ya seli, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo, na kila alichokwisha kupita inabidi akibebe kichwani.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili kuliko wengi alikuwa Abraham Nemeth, Mmarekani aliyezaliwa bila kuona mwaka 1918. Alipenda hesabu, lakini washauri wake wakamwambia haifai kwa mtu kama yeye. Wakamwelekeza kwenye saikolojia, naye akaisoma hadi shahada ya pili. (Maktaba ya wasamehewa si ya Afrika Mashariki peke yake.) Baadaye alirudi kwenye hesabu, akabuni mfumo wa kuiandika kwa nukta nundu uliochapishwa mwaka 1952, na akafundisha hesabu chuo kikuu huko Detroit kwa miongo mitatu. Ndani ya mfumo wake, sehemu ina alama ya kuifungua na alama ya kuifunga, hivi kwamba kilicho juu na kilicho chini vinakaa kwenye mstari mmoja bila kuchanganyikana. Kipeo kina alama ya kupanda. Hakuna kitu katika silabasi ya kidato cha nne ambacho hakiandikiki hivyo. Kinachohitajika ni mtu wa kuufundisha mfumo kuanzia kidato cha kwanza, kabla mlinganyo wa kwanza haujaandikwa ubaoni.

Na grafu? Watu wengi hukwama hapo, wakaona hoja imekwisha.

Chukua swali la kawaida: chora grafu ya y = x² − 4x + 3. Mpe mwanafunzi asiyeona kipande cha mpira mnene au ubao laini uliobandikwa karatasi yenye miraba ya kupapasa, pini za kichwa kikubwa na uzi wa sufu. Anaweka pini pale x ilipo 0 na y ni 3. Ya pili anaiweka kwenye 1 na 0, ya tatu kwenye 2 na hasi 1. Ya nne inapanda hadi 3 na 0, ya tano 4 na 3. Anapitisha uzi. Kisha anateremsha kidole kutoka pini ya kwanza, na hapo kwenye pini ya tatu kidole chenyewe kinamwambia kwamba mteremko umekwisha na mwinuko umeanza. Weka vidole viwili, kimoja kila upande, uvishushe pamoja, na mhimili wa ulinganifu unajitokeza kwenye x = 2. Nimeona walimu wa hesabu wenye macho mazuri wakifumba macho na kujaribu, halafu wakaanza kuwapa ubao ule hata wanafunzi wanaoona.

Swali lilikuwa linapima nini? Halikupima kushika penseli. Lilipima kama mwanafunzi anajua kwamba mlinganyo wa daraja la pili huzaa mkunjo, kwamba unakata mhimili mahali fulani, na kwamba una kilele au bonde. Vyote hivyo vimejibiwa kwa pini tano. Swali hilo dogo, unapima nini, ndilo ninaloona lingepaswa kubandikwa juu ya meza ya kila anayetunga mtaala au mtihani. Kama kuona ndiko kunakopimwa, basi asiyeona asamehewe, kwa haki. Kama hakupimwi, abadilishiwe njia, na somo libaki lilivyo.

Kenya walijibu kwa namna tofauti. Huko Hisabati ya kidato cha nne ni ya lazima, na asiyeona hakuachwa pembeni. Baraza lao la mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huongeza dakika 30. Baiolojia ina toleo lake kwa wasioona. Mtahiniwa haambiwi achore panzi na kutaja sehemu zake. Anaulizwa kuhusu panzi kwa maneno. Matokeo ya Hisabati hayakugeuka mazuri kwa sababu ya sheria hiyo, na asiwepo wa kudhani hivyo. Mtu anaweza kulazimishwa kufanya somo ambalo hakufundishwa. Lakini pale palipo na ulazima, angalau kuna karatasi ya kulalamikia.

Maabara ndiko watu wanakokata tamaa mapema zaidi, na bila sababu ya kutosha. Kujua asidi na besi, tumezoea litmasi, ambayo ni rangi tupu. Lakini kitunguu maji kilichokatwakatwa na kulowekwa hufanya kazi hiyohiyo kwa pua: katika asidi harufu yake inabaki, katika besi harufu inapotea. Kiashiria hicho kinatambulika katika kemia, na hakuna shule ya bweni isiyokuwa na vitunguu jikoni. Mwanafunzi anapunga mkono juu ya chombo, ananusa kwa mbali, anatoa jibu.

Kwa viziwi, jambo limegeuka kichwa chini. Mpe kiziwi jedwali, mchoro, jaribio la maabara, hana tatizo. Shida yake ni lugha, na hasa, niseme wazi, lugha hii tunayoandikia hapa.

Fungua karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne Kenya, sehemu ya matumizi ya lugha. Swali la kwanza mara nyingi ni la sauti: taja vikwamizo, tofautisha irabu, eleza dhima ya kiimbo, weka shadda. Ukija kwenye ushairi, kuna vina. Ukija kwenye fasihi simulizi, kuna tanakali za sauti: alianguka pu, alinyamaza jii. Sasa fikiria msichana aliyezaliwa hasikii, mwenye akili ya kutosha kuwa daktari, anaulizwa kuhusu kiimbo. Anachoweza kufanya ni kukariri, kwamba kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti, bila kujua kupanda kwenyewe kukoje.

Kenya iliona hilo ikaruhusu Lugha ya Ishara ya Kenya ifanywe kama somo badala ya Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliiweka lugha hiyo bungeni, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na inaitaka serikali iiendeleze. Wapo walioona huo nao ni msamaha mwingine, mlango wa kupitia kirahisi. Si kweli. Tangu William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake wa lugha ya ishara ya Marekani mwaka 1960, inajulikana kwamba lugha hizi zina muundo wake wa ndani: umbo la mkono, mahali pa mkono, mwendo, uelekeo wa kiganja, na kazi ya uso. Badilisha kimoja tu na maana inabadilika, vilevile kama pata na bata zinavyotofautiana kwa konsonanti moja. Mtahiniwa anayechambua hayo anafanya kazi ya isimu ileile anayoifanya mwenzake wa Kiswahili, ila kwa lugha aliyo nayo. Tangu 2023, lugha hiyo inahesabiwa sawa na Kiswahili na Kiingereza wakati wa kupanga alama ya mwisho.

Nina shaka moja tu kuhusu ruhusa hiyo, na si ndogo. Kutofanya mtihani wa Kiswahili kunageuka kirahisi kuwa kutofundishwa kusoma Kiswahili. Kiziwi akitoka shuleni atakutana na ujumbe wa simu, notisi ya chifu, karatasi ya polisi, lebo ya dawa. Hakuna anayemtaka ajue shadda. Kusoma anahitaji, na kusoma hakutegemei sikio kama watunzi wa silabasi wanavyodhani.

Kuna wengine ambao mahitaji yao ni mepesi kiasi kwamba inatia aibu yasipotimizwa. Mwanafunzi mwenye ualbino, kwa mfano, kwa kawaida ana uoni hafifu. Hahitaji mtaala mwingine. Anataka kukaa mbele, karatasi yenye herufi kubwa, ruhusa ya kusogelea ubao, kofia, na ratiba isiyoweka kilimo cha vitendo saa saba mchana. Ratiba hupangwa na mwalimu wa taaluma kwa penseli na kifutio. Haihitaji bajeti.

Nimeeleza kana kwamba jibu ni moja kwa wote, kubadili njia na kutunza somo. Kwa wenye ulemavu wa akili, jibu hilo halifai, na kulishikilia ni kuwatesa. Kijana wa miaka 17 ambaye bado anajifunza kutambua noti hana haja na milinganyo, iwe ya kupapasa au ya kuchora. Mfumo wa mtaala wa Kenya wa mwaka 2017 ulilitambua hilo kwa kuweka njia mbili. Wanaoweza kufuata mtaala wa kawaida wanaufuata kwa marekebisho. Wengine, wakiwemo wenye ulemavu wa akili, viziwi wasioona, na wenye usonji mkali, wanapita njia ya hatua: msingi, kati, maandalizi ya ufundi, kisha ufundi. Hakuna darasa la saba wala kidato. Mtu anasonga anapomudu, wala hasukumwi na umri.

Sekondari ya kijana huyo inafanana na hivi. Anapewa noti ya shilingi 200 na kuambiwa apande matatu, nauli ni 50. Inabidi ajue kwamba kuna chenji. Ajue ni noti gani au sarafu gani. Ajue kuidai bila kugombana na kondakta, ashuke kituo chake, asishuke kingine. Somo hilo moja lina hesabu, lugha, jiografia na adabu, na linaweza kuchukua muhula mzima. Likikamilika, mama yake hana tena sababu ya kumfungia ndani anapokwenda sokoni. Baadaye zinakuja kazi za mikono, kuku, ushonaji, mapishi, ushanga. Sioni aibu yoyote katika mtaala wa namna hiyo. Naona aibu pale unapotekelezwa kwa kumkalisha kijana mkekani, akitunga ushanga uleule kwa miaka minne kwa sababu ndicho kilichopo kabatini.

Hatari kubwa ya njia mbili iko mlangoni, kwa anayeamua nani apite wapi. Kenya ina vituo vya tathmini vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni hiyo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hatamki vizuri, mate yanamtoka, mkono haushiki kalamu, anaweza kuwa anaelewa kila kitu. Ukimpima kwa maswali ya kujibu kwa mdomo, utamtuma kwenye ushanga. Ukimpa ubao wenye herufi aonyeshe kwa jicho, huenda akakuuliza swali litakalokushinda. Tathmini ya saa moja ikishaandikwa kwenye faili, kuitoa humo ni kazi ya miaka, kwa hiyo ingefaa irudiwe kila baada ya muda bila mzazi kuomba.

Fedha nazo zina neno lake. Kenya ilipopanga ruzuku ya elimu ya sekondari bila ada mwaka 2018, ilitenga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi, na kwa mwenye mahitaji maalumu ikaongeza 35,730. Jumla 57,974 kwa mwaka. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mashine mpya ya Perkins peke yake inaizidi jumla hiyo, na bado hujanunua karatasi ngumu wala kitabu cha nukta nundu, ambacho kutoka juzuu moja la kawaida huwa majuzuu kadhaa mazito yasiyoingia kwenye begi. Siku hizi kuna vifaa vya kielektroniki kama Orbit Reader 20, vinavyobeba maktaba nzima kwenye kadi ndogo na kuinua nukta zenyewe chini ya kidole, na shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa limevisambaza katika shule za kanda hii. Kwa riwaya na historia, ni ukombozi. Kwa hesabu, kumbuka kwamba kifaa hicho kina seli 20 kwenye mstari mmoja. Mlinganyo mrefu unakatika, na grafu haina pa kukaa. Pini na uzi bado havijapata mrithi wa bei nafuu.

Januari 2026 Kenya ilifungua gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu katika mtaala mpya. Kuna njia tatu: ya kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya pili ni sayansi za jamii; ya tatu ni sanaa na michezo. Hisabati imebaki kwa wote, ila kwa matoleo mawili, moja zito kwa wanaokwenda sayansi na jingine jepesi kwa wengine. Nilipolisikia hilo nilifurahi kwanza, kwa kuwa toleo jepesi lilitungwa kwa ajili ya kila mtu, na asiyeona akilichagua hatakuwa amechukua kitu cha wagonjwa. Kisha nikaanza kuhesabu ni wangapi wataambiwa, kwa sauti ya upole na mkono begani, kwamba hilo ndilo linalowafaa.

Kundi hilo litafika gredi ya 12 mwaka 2028. Utaratibu uliozoeleka ni kutunga karatasi kamili kwa ajili ya wanaoona na wanaosikia, halafu kumwita mtaalamu wa elimu maalumu aitazame na kung'oa maswali yasiyowezekana. Afikapo, picha imeshabeba swali zima, na kazi yake ni kufuta. Angekaa mezani siku swali linapotungwa, angeuliza picha hiyo inapima nini, na katika maswali mengi wangegundua kwamba haikuhitajika hata kwa wanaoona. Gharama yake ni posho ya siku chache na kiti kimoja cha ziada. Watunzi wana miaka miwili.